Ratiba ya Kesho Ikifika Saa Nne Usiku

Jimbo la California lina kanuni ambayo kila anayefanya kazi ya filamu angefaa kuisoma, hata kama hatakanyaga huko maishani mwake. Inahusu watoto wachanga wanaoigiza. Mtoto wa kuanzia siku 15 hadi miezi 6 haruhusiwi kukaa mahali pa kurekodia zaidi ya saa 2 kwa siku, na ndani ya saa hizo kazi yenyewe isizidi dakika 20. Hata saa zenyewe zimetajwa: ama kati ya saa tatu na nusu na saa tano na nusu asubuhi, ama kati ya saa nane na nusu na saa kumi na nusu alasiri. Mwanga mkali usimmulike zaidi ya sekunde 30 kwa mara moja. Mwalimu wa watoto na nesi lazima wawepo, na kwa vichanga ambao hawajafikisha wiki 6, nesi hapewi zaidi ya watoto 3 wa kuwaangalia.

Nimewahi kufanya kazi kwenye seti zenye vichanga, na nimeona jinsi kikosi kizima kinavyojipanga kwa ajili yao. Msaidizi wa kwanza wa mwongozaji anaitazama saa kuliko anavyomtazama nyota wa filamu. Taa zinawekwa na kupimwa mwanasesere akiwa mikononi mwa mwigizaji, ili mtoto mwenyewe aletwe dakika ya mwisho. Watu ambao kwa kawaida huitana kwa kelele kutoka pembe hadi pembe wanaanza kunong'ona. Mtoto akisinzia, tunasubiri. Akilia, tunarekodi kitu kingine. Sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba sanaa imeharibika kwa sababu ya mtoto yule, wala kwamba asiyeweza kuvumilia saa za filamu atafute kazi nyingine.

Nyuma ya kamera hiyohiyo amesimama mshika maiki ambaye mwanawe ana miezi mitano. Yuko mpambaji ambaye matiti yamejaa na hajui atapata wapi chumba chenye mlango unaofungwa ili akamue maziwa. Yuko dereva aliyemwacha binti yake kwa jirani usiku wa manane, kwa kuwa gari la kwanza linatakiwa kuondoka kabla ya alfajiri. Watoto wa hawa ni vichanga vilevile, wana usingizi uleule na njaa ileile. Tofauti ni kwamba hawaonekani kwenye picha, kwa hiyo hakuna aliyewapangia saa.

Ndiyo maana siamini tena nikiambiwa kwamba filamu kwa asili yake haiwezi kumpisha mtoto. Inaweza, na ikitaka inafanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Kinachowatoa wazazi katika kazi hii ni ratiba, na ratiba huandikwa na watu.

Kazi yangu ni kusimamia mwendelezo. Nakaa karibu na kamera na daftari langu, naandika glasi ilikuwa mkono gani, mkono wa shati ulikunjwa hadi wapi, neno lipi lilisemwa mwigizaji akiwa anaketi na lipi alipokwisha kuketi. Filamu hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Mtu anaweza kufungua mlango leo na kuingia ndani wiki tatu baadaye, katika jengo jingine kabisa, na nywele zake lazima ziwe vilevile. Nikikosekana siku moja pengo linaonekana, kwa hiyo si mwepesi wa kuomba ruhusa. Nina watoto wawili. Wote wamezaliwa nikiwa katika kazi hii, na wote walijua mapema kwamba swali la "Mama, kesho utarudi saa ngapi?" halina jibu.

Watu wa nje hudhani taabu yetu ni wingi wa saa peke yake. Saa ni nyingi kweli, nitazifikia. Lakini kilichonichosha zaidi kuliko chochote ni kutojua.

Ratiba ya siku, ile karatasi inayosema nani afike wapi na saa ngapi, kwa kawaida hutoka jioni, kazi ya siku hiyo ikikaribia kwisha au imeshakwisha. Sababu zake ni za kweli na sitaki kuzidharau. Tukio lililopangwa leo halikumalizika, lazima lisukumwe kesho. Mwenye nyumba tunayorekodia amebadili masharti. Mwigizaji amepoteza sauti. Tena kuna kanuni ya mapumziko: tukichelewa kumaliza leo, kesho hatuwezi kuanza mapema, kwa hiyo saa ya kuanza inasogea mbele, keshokutwa inasogea tena, mpaka wiki iliyoanza Jumatatu saa kumi na moja alfajiri inaishia Ijumaa watu wakiingia kazini alasiri na kutoka Jumamosi kumepambazuka. Anayeishi ndani ya wiki hiyo mwili wake unahama kutoka mchana kwenda usiku ndani ya siku tano. Kituo cha kulelea watoto hakihami naye. Kinafunguliwa asubuhi, kinafungwa jioni, kila siku saa zilezile, na mzazi anayechelewa kumchukua mtoto hutozwa faini au hupoteza nafasi. Yaya naye ana maisha yake, anataka kujua Jumapili wiki yake itakuwaje.

Ujumbe unaofika saa nne usiku kusema kesho ni saa kumi na moja alfajiri unamtaka mzazi atafute mtu wa kuamka saa tisa usiku kwa ajili ya watoto wasio wake. Na anamtafuta akiwa amebakiwa na saa tano za kulala. Nimewahi kupiga simu hizo. Mara ya kwanza watu wanakubali kwa upendo, mara ya tatu kwa heshima, halafu simu haipokelewi, na huwezi kuwalaumu.

Katika tamthilia moja niliyofanya kazi, msaidizi wa kwanza wa mwongozaji, kijana ambaye hakuwa na mtoto, aliamua jambo dogo. Kila Ijumaa alitupa wiki inayofuata kwa mipaka: Jumatatu hatutaanza kabla ya saa fulani wala kumaliza baada ya saa fulani, Jumanne vivyo hivyo, hadi mwisho wa wiki. Saa kamili ilikuja jioni kama kawaida, lakini ilikuja ndani ya mipaka hiyo. Ili aweze kuahidi hivyo, alihitaji tukio moja la ndani la akiba kila siku, ambalo waigizaji wake walikuwa wameshavalishwa na chumba chake kimeshapambwa, ili mvua ikinyesha tusihangaike kutafuta cha kufanya. Alihitaji pia mwongozaji anayekubali kuacha picha moja ya ziada siku inapoisha. Mipaka ilivunjwa mara chache, na kila ilipovunjwa alituambia mchana badala ya usiku. Kabla ya hapo sikuwa nimemwona fundi wa taa akitabasamu Ijumaa. Wale wasio na watoto walifurahi kama sisi, wengine zaidi, maana nao wana wachumba, wana masomo ya jioni, wana wazazi wagonjwa.

Jambo hilo halikuhitaji fedha nyingi. Lilihitaji mtu mmoja aone kwamba usiku wetu una thamani.

Sasa saa zenyewe. Mwaka 1997 msaidizi wa kamera aitwaye Brent Hershman alimaliza siku ya saa 19 katika utengenezaji wa filamu ya Pleasantville, akaingia kwenye gari kurudi nyumbani, akalala kwenye usukani, akafa. Alikuwa na miaka 35, ameoa, ana mabinti wawili. Wenzake walikusanya maelfu ya saini kudai siku ya kazi isizidi saa 14, na Haskell Wexler, mpiga picha mkongwe, aliifuatilia habari hiyo katika filamu yake ya mwaka 2006. Ifikirie hiyo 14: dai la watu waliokuwa wakiomboleza, dai lililoonekana kubwa, lilikuwa saa 14 kwa siku. Ukiondoa saa hizo na safari ya kwenda na kurudi, mzazi anabakiwa na muda wa kulala tu, na huo haumtoshi. Mtoto anamwona mzazi wake amelala, basi.

Mwaka 2021 chama cha mafundi wa filamu cha Marekani, IATSE, kilipiga kura ya kuruhusu mgomo, na zaidi ya asilimia 98 ya kura zilikubali. Mgomo haukufanyika, makubaliano yalifikiwa Oktoba. Miongoni mwa yaliyopatikana ni mapumziko ya saa 10 kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 54 za mapumziko ya mwisho wa wiki. Katika wiki za kura ile mafundi walikuwa wakieleza hadharani hali ya nyumbani kwao, na habari nyingi zilikuwa za watoto: baba anayemjua mwanawe kwa picha za simu, mama aliyeacha kazi aliyoisomea kwa sababu hakuna wa kumpokea mtoto jioni.

Njia ya kufupisha siku ipo na inafahamika. Wafaransa wameizoea kiasi kwamba Wamarekani huziita saa za Kifaransa: siku ya saa 10 mfululizo bila kusimama kwa chakula cha mchana, chakula kikiwa tayari muda wote na watu wakipokezana kula. Kila kikosi kinachosimama kwa chakula hupoteza muda kabla na baada, maana watu hupunguza mwendo wakiona saa ya kula inakaribia na huchelewa kupata moto wakirudi. Ukiondoa kusimama huko, siku inafupika na picha zinabaki karibu zilezile. Haimfai kila mtu. Anayefanya kazi ya kubeba vitu vizito anahitaji kuketi na kupumzika kweli, na yeye ndiye wa kuulizwa kwanza. Lakini ninakoona ikifanywa vizuri, watu wanarudi nyumbani watoto wakiwa macho.

Na hapa daftari langu lina ushahidi wake. Kazi yangu ni kuandika makosa, na ninayaona yakiongezeka siku inapovuka saa ya kumi. Pete iliyosahauliwa, mlango ulioachwa wazi, mstari unaorukwa, taa inayohamishwa bila mtu kugundua. Tunarudia picha tatu kurekebisha kosa ambalo asubuhi lisingetokea. Kisha tunalipwa muda wa ziada kwa marudio hayo. Mtayarishaji anayerefusha siku ili aokoe fedha huwa hasomi ripoti zangu, angezisoma angeona fedha hizo zinakwenda wapi.

Mwaka 2025 mjadala kama huu uliwaka nchini India, baada ya taarifa kusambaa kwamba mwigizaji nyota Deepika Padukone, aliyejifungua Septemba 2024, alitaka zamu ya saa 8. Wengi walimshangaa. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba nyota wengi wa kiume wamefanya kazi kwa saa 8 kwa miaka na haikuwahi kuwa habari. Maneno hayo nimeyarudia mara nyingi kichwani, kwa sababu yanaonyesha kwamba saa 8 zilikuwepo muda wote, zikapewa mwenye nguvu ya kuzidai.

Hata mwanzoni kabisa ilikuwa hivyo. Alice Guy, Mfaransa aliyeanza kuongoza filamu mwaka 1896, alizaa mtoto wake wa kwanza mwaka 1908 huko Marekani, akaanzisha kampuni yake ya Solax mwaka 1910, akapata mtoto wa pili kampuni ikiwa inakua, na akajenga studio huko Fort Lee. Aliweza kwa sababu studio ilikuwa yake na saa ilikuwa yake. Ndoa na kampuni vilipovunjika, alirudi Ufaransa na watoto wake mwaka 1922, na hakuongoza filamu tena.

Wengi wetu hatuna studio. Tunaajiriwa kwa filamu moja, wiki kadhaa, kisha tunatafuta nyingine. Mtu wa namna hii akishika mimba hana mwajiri wa kumpa likizo. Mkataba unakwisha, jina lake linaondoka kwenye orodha za kupigiwa simu, na anaporudi anakuta nafasi imechukuliwa na mtu ambaye hakupotea. Sheria za kazi za nchi nyingi ziliandikwa zikimfikiria mtu aliyeajiriwa sehemu moja kwa miaka. India, kwa mfano, ilirekebisha sheria yake ya uzazi mwaka 2017, ikatoa wiki 26 za likizo yenye malipo na kuzitaka sehemu za kazi zenye waajiriwa 50 au zaidi ziwe na mahali pa kulelea watoto. Ni sheria nzuri, lakini kikosi cha filamu kinaweza kuwa na watu 100 leo na kisiwepo kabisa mwezi ujao. Uingereza mama aliyejiajiri hupata posho ya uzazi kwa hadi wiki 39, wakati baba aliyejiajiri hapati malipo yoyote ya kisheria ya uzazi wala hawezi kugawana likizo na mwenzake. Matokeo yake ni rahisi kuyaona: baba anakwenda kazini hata kama mapato ya mama ndiyo makubwa, na miezi michache baadaye kila mtu anasema ndivyo walivyochagua.

Ufaransa wamelishughulikia suala la kazi za vipande kwa muda mrefu. Msanii au fundi akitimiza saa 507 za kazi ndani ya miezi 12 anastahili malipo ya kipindi asicho na kazi, na siku za likizo ya uzazi huhesabiwa kwa saa 5 kila moja ili zisimwangushe chini ya kiwango. Hata huko kuna akina mama walioanguka kwenye mianya, wakaunda kikundi chao cha Les Matermittentes kupigania malipo waliyonyimwa. Sweden wazazi wana siku 480 kwa kila mtoto, na siku 90 kati ya hizo ni za kila mzazi asizoweza kumpa mwenzake, hata awe amejiajiri.

Lakini mfano unaonipa matumaini zaidi umetoka kwa waandishi wa miswada wa Marekani, kwa sababu haukusubiri serikali. Katika mkataba wao wa mwaka 2020 chama chao, WGA, kilipata mfuko wa malipo ya likizo ya uzazi. Kila kampuni inayomlipa mwandishi inachangia asilimia 0.5 ya malipo yake kwenye mfuko mmoja wa pamoja. Mwandishi anayepata mtoto, mama au baba, kwa kuzaa au kwa kuasili, anaweza kulipwa na mfuko huo kwa hadi wiki 8. Fikiria unavyofanya kazi. Haijalishi ulikuwa kwa nani wakati mtoto alipozaliwa. Haki yako inatembea nawe kutoka kazi hadi kazi, kama zana zako. Na hakuna mtayarishaji mwenye sababu ya kumkwepa mwanamke aliyeolewa juzi, kwa kuwa mchango wake ni uleule kwa mwandishi yeyote. Kikosi cha filamu popote kingeweza kuanzisha kitu cha namna hiyo iwapo chama chake kitakaa mezani na watayarishaji. Asilimia 0.5 ya malipo ni kiasi kidogo kwenye bajeti ya filamu.

Kuna watu ambao wakisikia habari ya kuwasaidia wazazi wanafikiria mara moja chumba cha watoto kwenye seti. Nakipenda chumba hicho. Huko Marekani kikundi cha Moms-in-Film kilitengeneza trela la kulelea watoto linalovutwa hadi kwenye lokesheni, yaani mahali pa kurekodia nje ya studio, wakaliita Wee Wagon. Uingereza mwigizaji Charlotte Riley alianzisha huduma ya malezi katika studio za Leavesden. Mwaka 2019 soko la filamu la Cannes lilianza kutoa huduma kwa wanaokuja na watoto, pamoja na mahali pa malezi na vitambulisho vya yaya. Anayekwenda tamasha kutafuta mnunuzi wa filamu yake naye ana mtoto anayenyonya, na mlinzi wa mlangoni anapomwambia mtoto hana kitambulisho, ni mama ndiye anayebaki nje.

Ila nina wasiwasi mmoja. Chumba cha watoto kikitumika kuhalalisha siku ya saa 14, basi tutakuwa tumempeleka mtoto naye kwenye zamu. Mtoto wa miaka miwili anataka kitanda chake na watu anaowajua, hataki kubebwa usiku wa manane kwenda lokesheni ya mbali ili mama yake awepo mita hamsini kutoka kwake bila kuonana. Kwa studio ya mjini yenye saa za kueleweka, chumba kinafaa sana. Kwa kazi ya kuhamahama, bora fedha za kumlipa mlezi anayemfahamu mtoto, huko nyumbani kwake.

Na fedha hizo ziingizwe kwenye bajeti kwa jina lake. Bajeti ya filamu ina mstari wa kila kitu: malazi, usafiri, chakula, bima, walinzi, mkufunzi wa farasi. Mkufunzi wa farasi hajawahi kuulizwa kwa nini farasi asibaki nyumbani na bibi yake. Malezi ya watoto yakikosa mstari, gharama haifutiki. Inalipwa na mzazi mmojammoja, kimyakimya, kutoka kwenye ujira wake, na mwenye ujira mdogo ndiye anayeshindwa kwanza. Mwaka 2018 Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho la Marekani ilimruhusu mgombea ubunge kutumia fedha za kampeni kulipia malezi ya watoto wake wadogo, kwa hoja kwamba gharama ile isingekuwepo kama asingekuwa anagombea. Hoja hiyo inafaa kwenye filamu bila kubadilishwa neno.

Nimeacha suala la kugawana kazi hadi sasa kwa kuwa ndilo linalonigusa mwenyewe, na ndilo linalokataliwa kwa haraka zaidi. "Mwendelezo ni kichwa cha mtu mmoja, dada," mtayarishaji mmoja aliniambia, kwa upole kabisa. "Hakigawanyiki." Nilipokuwa na mtoto mchanga wa pili, mwenzangu mmoja na mimi tuliomba kugawana tamthilia: yeye nusu ya kwanza ya wiki, mimi ya pili, na siku moja katikati tukiwa wote wawili kwa saa chache za kukabidhiana. Tulikubaliana kabla ya kuanza namna ya kuandika: alama zilezile, picha za pembe zilezile, kila tukio liwe na ukurasa wake wenye sehemu ya mambo ambayo hayajafungwa. Tuliandika kana kwamba anayesoma hakuwepo, na ni kweli hakuwepo. Mhariri alituambia mwishoni kwamba hajawahi kupata kumbukumbu zinazosomeka kama zile. Ni jambo la kueleweka. Kinachokaa kichwani mwa mtu mmoja hakisomeki, na mtu huyo akiugua kinaondoka naye.

Kugawana kuna gharama ya siku ile ya makabidhiano, sikatai. Na hakufai kila nafasi. Sijui ningejisikiaje kama mwongozaji angekuwa mmoja Jumatatu na mwingine Alhamisi katikati ya tukio la kilio. Lakini nyuma yake kuna mavazi, mapambo, uhasibu, uhariri, sauti, kuratibu ofisi. Watu wawili wenye uzoefu wa miaka, waliopumzika, kwa bei ya mmoja na kidogo juu. Nani hapendi?

Akina baba nimewataja kidogo mpaka hapa, na nataka niwazungumzie kwa sababu wao ndio wengi kwenye vikosi nilivyofanya navyo kazi. Baba akisema lazima aondoke saa kumi na moja jioni kumchukua mtoto, kuna ukimya fulani unaoingia. Mwanamke akisema hivyo wanashusha pumzi, kana kwamba walitarajia. Mwanamume wanamtazama kama aliyekosa nidhamu. Kwa hiyo wengi hudanganya. Nimemjua mpiga kamera aliyesema kila Jumatano anakwenda kwa daktari wa meno. Alikuwa anakwenda kumsomesha mwanawe hesabu. Aliona heri aonekane mgonjwa.

Shirika la Raising Films, lililoanzishwa Uingereza mwaka 2015 na watengenezaji filamu wenyewe, lilifanya uchunguzi mwaka uliofuata, na asilimia 79 ya waliojibu walisema majukumu yao ya malezi yameathiri vibaya kazi yao katika filamu. Kumbuka hao ni wale waliobaki karibu kiasi cha kujibu maswali. Waliokwisha kuondoka hawahesabiki kirahisi, maana wakiondoka hawaagi. Simu inaacha kuita, basi.

Watu hao tunawahitaji. Anayeondoka akiwa na miaka thelathini na mitano ameshajua kazi, anaweza kutazama tukio na kusema litachukua muda gani, anajua kumtuliza mwigizaji aliyekasirika. Nafasi yake inachukuliwa na kijana mwenye bidii ambaye atajifunza hayo yote kwa miaka kumi, kisha naye atapata mtoto. Tunafundisha watu kazi ngumu halafu tunawaachia mlangoni, kizazi baada ya kizazi. Na hadithi zinazobaki kwenye skrini zinaandikwa na kuongozwa na wale tu ambao hawakuwa na mtu wa kumkimbilia jioni, ndiyo maana wazazi wengi kwenye filamu huonekana asubuhi wakimimina chai na kutoweka.

Siku hizi, kabla ya kutia saini, namuuliza mtayarishaji mambo machache kwa maandishi. Ratiba ya wiki itatoka siku gani na mipaka yake itakuwaje. Siku ya kawaida ni ya saa ngapi, na ni nani mwenye mamlaka ya kuirefusha. Kuna chumba chenye mlango unaofungwa, umeme na jokofu kwa wanaokamua maziwa? Usiku tutakaofanya kazi unajulikana tangu sasa? Sijawahi kukataliwa kazi kwa kuuliza, ingawa kuna waliochelewa kunijibu. Na nimeona kwamba nikiuliza mimi, niliyekaa kazini muda mrefu na ninayejulikana, msichana wa mavazi aliye mjamzito na bado hajamwambia mtu anapata majibu bila kujitaja.

Usiku ndio bado unanishinda. Kuna matukio ambayo lazima yarekodiwe gizani, na kwa mzazi anayelea peke yake hakuna kituo kinachofunguliwa saa mbili usiku hadi alfajiri. Mchana mwingine unaweza kufanywa usiku kwa kuziba madirisha kwa vitambaa vyeusi, na wapiga picha wazuri wanajua kufanya hivyo vizuri, lakini barabara huwezi kuiziba. Kwa usiku wa namna hiyo naomba mambo mawili: uwekwe pamoja katika wiki moja badala ya kutawanywa, na mlezi wa usiku alipwe na filamu. Mtayarishaji wa kazi yangu ijayo ameniambia nimwandikie makadirio ya gharama hiyo kwa kikosi kizima. Nimewatumia wenzangu wote ujumbe, wenye watoto na wenye wazazi wanaowauguza, wanipe mahitaji yao kabla bajeti haijafungwa, na wa kwanza kujibu alikuwa yule mpiga kamera wa Jumatano.